Radhi Ulizoniomba Jikoni

Kwa Bwana Suleimani, askari wa Mfalme kuanzia kesho asubuhi,

Salamu zangu nimezizuia. Utazipata mwisho wa karatasi hii, kama nitakuwa bado nina moyo wa kuzitoa. Sasa hivi sina. Nimefunga hoteli tangu adhuhuri, na wateja nimewatoa wengine midomo imejaa. Mamako yuko juu anakufungia visheti, na kila nikisikia kabati linafunguliwa najua ni nguo yako nyingine inatolewa. Nimekaa kwenye meza ya mlangoni, ile yenye mguu mmoja mfupi, nakuandikia kwa hati za chuoni, zile za Kiarabu, ili hao mabwana wako wapya wakiikamata barua hii wasiweze kuisoma.

Mambo ya kusali, ya kunawa, ya kutolala na nguo mbichi, mamako amekwisha kukwambia mpaka umeziba masikio. Mimi sina nasaha za namna hiyo. Nina hasira, na ningependa uondoke ukijua ni ya nani na imetoka wapi.

Mtoto wa mwenye hoteli! Katika nyumba hii umekula wali, umekula papa wa nazi, umekwangua ukoko wa sufuria zangu karibu uzitoboe. Nilikuwa nikikuita Ukoko, mpaka ulipoona ndevu mbili tatu zinakutoka ukaniomba nisikuite hivyo mbele ya wenzako. Nikakasirika, nikaacha kukuita hivyo hata ndani ya nyumba. Basi mtoto huyo huyo, aliyeshiba hapa, akatoka akaenda kwenye kile kiwanja karibu na Ngome, pale nje ya jela, walipokuwa wakipiga bendi, akala kiapo. Kula kote ulikokula hapa hakukukutosha, ukaona ukale na kiapo.

Hukuniuliza. Ulirudi adhuhuri, hoteli imejaa, ukasimama mlango wa jikoni ukasema, "Baba, nimeandikwa. Naomba radhi zako." Mimi nilikuwa nimeshika mwiko. Nikakujibu neno lile lile ninalomjibu kila mtu anayesimama pale mlangoni.

"Bado."

Watu wakacheka. Walidhani wataka mbaazi.

Tangu siku hiyo umeniomba kila asubuhi, nami kila asubuhi nimekujibu hivyo hivyo. Jana nilikusikia ukimwambia mamako, "Baba afanya mzaha tu." Hapana mzaha. Na lile neno lako jingine, ulilonitupia mbele ya Bwana Rajabali mwenye duka la mchele, halijaniondoka kifuani. Ulisema, "Mbona weye ulikwenda na ukarudi?" Ulivyolisema mtu angedhani nilivuka Likoni kununua nazi. Na Rajabali naye akanishika mkono akanipongeza! Sijasema naye mpaka leo. Mchele nanunua kwingine, na una mawe.

Kwanza, mimi sikwenda. Nilikamatwa. Nilikuwa kijana kama wewe, napakua mizigo Mbaraki, wakaja askari wa jumbe wakatuzunguka, wakatupanga mstari, wakatupitisha mjini kama mbuzi wa kafara. Ilikuwa vita vya Mjerumani, na walitaka wapagazi wa kubeba mizigo ya jeshi. Habari ilimfikia babangu alipokuwa chooni anatawadha. Alitoka mbio vile vile, miguu imelowa, kichwa wazi. Babangu, mtu ambaye hata sisi wanawe hatukuwahi kumwona bila kofia. Alikimbia ubavuni mwa mstari ule, watu wote wa mtaa wanamtazama, akipiga kelele, "Athmani! Niko radhi nawe! Duniani na akhera, niko radhi nawe!" Mimi nikaona haya kwa ajili ya kichwa chake, nikageuza uso. Niliporudi walikuwa wamekwisha kumzika.

Ndani ya mstari ule kulikuwa na mtu mmoja asiyekamatwa. Jina lake Bakari, mwana wa Mzee Kombo, muuza tambuu wa Marikiti. Yeye alijipeleka kwa miguu yake, kama wewe, kwa sababu aliambiwa kila atakayejiandika atapewa viatu. Wewe umeambiwa utafundishwa udereva. Sioni tofauti. Babake alimwambia, "Ukitoka mlango huu, sina radhi nawe." Bakari akatoka. Viatu hakuviona. Wapagazi tulikwenda pekupeku mpaka nchi ya Mjerumani, na tuliorudi, tulirudi pekupeku.

Sasa nikwambie vita, maana wewe unavijua vya kwenye bendi. Katika muda wote niliokuwa kule, sikumwona mtu niliyemjua akiuawa kwa risasi. Niliona unga. Jioni tumelowa, kuni zimelowa, tunagawiwa unga wa mahindi mkavu kila mtu na wake, kila mtu apike mwenyewe. Mtu amebeba sanduku la risasi tangu alfajiri, macho yanafumba, moto hauwaki, maji hayajapata hata uvuguvugu. Anakoroga, anameza. Anameza mbichi kwa njaa. Kesho yake tumbo, keshokutwa damu, na siku chache baadaye anawekwa kando ya njia, na mzigo wake anaongezewa aliye nyuma yake. Hivyo ndivyo walivyokwisha watu wa Mvita, na watu wa Giriama, na watu ambao lugha zao sikuzijua. Ukiulizwa na wajukuu zangu, kama utanizalia, vita vya babu vilikuwa nini, waambie vilikuwa unga mbichi.

Ndiyo maana kwangu chungu hakifunuliwi mpaka niseme mimi. Umekua unaniona nampiga mtu mkono akishika kifuniko, ukadhani ni ukali wa tabia. Hoteli hii ilikuwa na jina zuri, mamako alilichagua, likaandikwa juu ya mlango kwa rangi ya kijani. Hakuna aliyelitumia. Watu walizoea kuniuliza, nami nilizoea kuwajibu, na leo hata mgeni aliyeshuka melini akiuliza pa kula ataelekezwa Kwa Bado. Wananichezea kila siku. "Athmani, mbaazi hizi ni za yeo au za Idi ijayo?" Wacheke. Hakuna mtu aliyewahi kutoka kwangu akashikwa na tumbo.

Bakari alishikwa na tumbo masika ilipoanza. Nilimbeba kidogo, nikashindwa, nikamweka chini ya kichaka na mzigo wangu nikaukalia. Msimamizi wetu alikuwa mbele, hajatuona. Bakari akaniambia, "Athmani, babangu hayuko radhi nami. Nitakwenda kwa Mola na nini?" Nikamwambia asiseme upuzi, atapona, tutarudi Mombasa, ataomba mwenyewe. Akanitazama kwa macho ya mtu anayejua anadanganywa. "Ata hayo," akasema, yaani niyaache. "Nipe weye. Sema kana kwamba u babangu."

Mimi nilikuwa sijaoa, sijazaa, sina mvi hata moja. Nilijuaje radhi ya baba ina uzito gani? Nikaona ni maneno tu, na mtu anakufa. Nikasema, "Bakari mwanangu, niko radhi nawe, duniani na akhera."

Akafumbua macho. Unadhani alishukuru? Alikasirika. Akasema kwa sauti ya kukwama, "Siyo hivyo. Babangu haniiti Bakari. Huniita Beka. Sema Beka." Nikasema tena, nikasema Beka. Akafumba macho. Nilikaa naye mpaka msimamizi aliporudi na kiboko, na wakati huo alikuwa amekwisha kwenda.

Niliporudi Mombasa, nguo ya kwanza niliyonunua niliivaa kwenda nayo Marikiti. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilijiona nimemletea yule mzee zawadi: mwanawe hakufa mikono mitupu. Nikamkuta amekaa na sinia yake ya tambuu, nikamwamkia, nikamweleza ninavyokueleza wewe. Sikufika mbali. Niliposema, "nikampa radhi zako," alisimama.

"Nani alokupa kinywa changu?" akaniuliza. "Mimi nalimnyima, weye wampa? Weye ni nani?"

Akanirushia sinia nzima. Majani, popoo, na kile kikopo cha chokaa, vyote vikanimwagikia, kanzu yangu mpya ikawa nyeupe juu ya weupe. Soko zima likatutazama. Nilikasirika, nikamtukana, mtu mzima sawa na babangu, nikaondoka. Nilijiona nimeonewa. Nilijiona hivyo kwa miaka.

Halafu nikafungua hoteli, na asubuhi moja Mzee Kombo akaingia. Hakunisalimia. Akakaa kwenye meza hii hii, akainua kidole. Nikamwambia, "Bado." Akangoja. Nilipomletea bakuli la mbaazi na mahamri, akaonja, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Mbichi." Kisha akazila zote. Kesho yake akarudi. Wewe unamkumbuka, ndiye aliyekugonga miguu kwa mkongojo ukakimbilia kwa mamako. Mimi nasema bado, yeye anasema mbichi, na wateja wanacheka, wakidhani ni utani wa wazee. Haukuwa utani. Nilimchukia. Nilidhani anakuja kuniharibia kazi, na mara nyingi nilimwekea bakuli kwa kishindo mchuzi ukamrukia.

Siku moja ya mvua hakuja mtu mwingine. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, na mbaazi mezani hazijaguswa. Akasema bila kunitazama, "Kule, ulimwitaje?"

Nilijua anauliza nini. Nikamjibu, "Nilimwita Bakari."

Akashika mkongojo wake, akainuka. "Nalijua," akasema. "Nalijua ni urongo. Hakuna radhi zozote zilizomfika."

"Ngoja, mzee," nikamwambia. "Alinikataza. Alisema baba haniiti hivyo. Akanambia niseme Beka."

Mzee Kombo akakaa. Alikaa ghafula, kama mtu aliyesukumwa. Mimi nikabaki nimesimama na kitambaa mkononi, sijui niondoke au nibaki, kwa sababu mzee alikuwa analia wala hajifichi. Baadaye akavuta bakuli, akala, taratibu, mpaka mwisho. Akafuta mdomo. Akasema, "Zimeiva." Kwenye mlango akasimama, akinipa mgongo. "Mimi nalidhani nikimnyima hatatoka," akasema. Kisha akajitosa mvuani, na hakurudi tena. Haikupita muda tukamzika.

Miaka yote ile alikuwa akija na swali moja mdomoni, akilimeza pamoja na mbaazi zangu. Angeliuliza siku ya kwanza, angepumzika siku ya kwanza. Na mimi, ningalimwekea bakuli kwa upole japo mara moja, labda angeliuliza mapema. Sisi sote wawili tulikuwa na vichwa vigumu, na kichwa chako umekitoa kwangu, usidhani umekiokota njiani.

Sasa turudi kwako. Hata huyo unayekwenda kupigana naye humjui. Mjapani ninayemjua mimi ni yule aliyetengeneza vikombe vya hapa hotelini, na vikombe vyake vimeanguka mara ngapi havijavunjika. Bama yenyewe, huko mnakopelekwa, ukiambiwa uelekeze kwa kidole utaelekeza Kilindini. Lakini sikwambii usiende. Kiapo umekila, na kiapo hakitapikiki. Ukitoroka watakutia Ngome, na mamako atakuwa akikuletea chakula ng'ambo ya barabara na kurudishwa nacho. Nimeyafikiri hayo yote. Nimefikiri hata kukufungia chumbani, nikaona aibu, mwanamume mrefu kuliko mimi.

Nilichokuwa nimeamua ni hiki: nisikupe radhi. Wiki nzima nimekusikia ukishuka ngazi kuja kuniomba, na moyo wangu ukiniambia, mnyime, akinyimwa hatapanda gari la moshi. Mamako amenililia. Imamu amenisimamisha njiani akaniuliza kwa adabu kama ni kweli, nikamjibu bila adabu. Niliona nimeshika kitasa cha mlango kwa mkono wangu, na nikikiachia tu utatoka.

Leo adhuhuri ulikuja tena. Ulisimama pale mlango wa jikoni, umevaa ile suruali ya kaki waliyokupa, imekupwaya kiunoni, ukanitazama, nami bila hata kukusikiliza nikasema, "Bado." Na mzee mmoja aliyekaa meza hii, mteja tu, akasema kwa kunichokoza, "Athmani, mpe mtoto chakula chake, atakula kwa jirani." Wote wakacheka. Mimi nikamwambia atoke. Nikawaambia wote watoke, nikafunga mlango.

Maana aliyosema ni kweli, na kweli yenyewe imenitia kichaa. Ukianguka huko, Mungu apishe mbali, atapatikana mtu. Siku zote hupatikana mtu. Mkamba, Mnyasa, Mganda, kijana tu asiyejua kitu, mwenye moyo mzuri kama niliokuwa nao mimi. Atakuinamia, utamwomba, naye atasema niko radhi nawe, kwa kinywa changu. Mimi simtaki huyo mtu. Simjui. Sikumpa kinywa. Halafu amalize vita, anunue kanzu mpya, aje hapa mlangoni kunieleza! Nitamvunja kichwa kwa mwiko, wallahi. Kisha nitakwenda kwao, popote kwao palipo, nikae mlangoni pake kila asubuhi mpaka nife, kwa sababu sitakuwa na mahali pengine pa kukaa.

Kwa hiyo nikikupa radhi zangu, si kwa sababu umefanya vizuri. Umefanya vibaya. Umenivunja, na umemvunja mamako, na nitaendelea kusema hivyo mpaka utakaporudi na hata ukiwa umerudi. Si kwa sababu Imamu ameniomba, wala kwa sababu ya machozi ya mtu. Nakupa kwa sababu ni zangu, na kitu changu nakitoa mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa mtu wangu. Babangu alikimbia nazo barabarani bila kofia, asimwachie mtu mwingine azitoe. Wakati ule niliona ni aibu. Leo nimeona alijua kitu ambacho mimi nimechelewa kukijua.

Kesho ukishuka, utanikuta jikoni na nitakufokea. Nitakufokea kwa sababu ya suruali, au viatu, au kwamba umechelewa. Kazini nasahau mambo yote isipokuwa kufoka, nawe wanijua. Vumilia. Usiniombe tena, maana neno litanitoka lile lile kwa mazoea, na sitaki liwe la mwisho utakalolisikia kwangu. Jibu lako ni hili, liweke mahali pasipopata maji.

Zimeiva, mwanangu.

Ukoko, niko radhi nawe, duniani na akhera.

Hizo ndizo salamu zako. Na jina hilo usimfundishe mtu yeyote huko. Ukitaka kuitwa hivyo, rudi nyumbani.

Babako,
Athmani